Futa Yote, Mpaka Ndani

Mlionisoma wiki iliyopita mliniacha mahali pabaya. Nilikuwa nimesimama mbele ya mjomba Wal, kambini Kakuma, nimevaa koti la kuazima la Justin, na Justin mwenyewe amekuja nyuma yangu kulidai kabla sijamaliza kuposa. Nililivua. Nikaposa na shati.

Kwa aliyeingia leo, mimi ni Déo, Mkongomani wa Uvira, na niliyekuwa nikimposa ni Anyieth, Mdinka wa Bor. Mwaka ulikuwa 1999. Sote wawili tulifanya kazi katika ofisi ya shirika moja la maji pale Kakuma, yeye akipiga chapa asubuhi, mimi nikitunza kompyuta mchana. Ofisi ilikuwa na kiti kimoja tu kizima. Akiinuka yeye, naketi mimi, na kiti bado kina joto lake. Ndivyo mapenzi yalivyoanza, msinicheke.

Mjomba Wal, mjomba wa Anyieth, alikuwa bawabu wa ofisi hiyo hiyo. Alilitazama shati langu, akasema hana neno na mimi, ila baba wa Anyieth alishafariki na mwenye sauti ni kaka yake, Thon, aliyehamishiwa Australia. Thon alikwisha kuandikiwa kwa barua pepe ya ofisi. Akisema ndiyo, ni ndiyo. Akisema hapana, ni hapana.

"Na asipojibu mpaka Jumapili," akasema, "mimi nitasema badala yake. Na wewe nimekuzoea."

Basi nikawa naomba kila usiku Mungu ampe shemeji yangu kazi nyingi, achoke, asahau kuandika.

Mungu akanipa mimi malaria. Jumatatu na Jumanne nililala zahanati nikitetemeka. Jumatano nikarudi kazini miguu ikiwa bado ya kuazima kama lile koti.

Cha kwanza nilichofanya ni kufungua barua za ofisi. Zote za Kakuma, za kazi na za watu, ziliingia sanduku moja. Nikapitisha macho haraka, sikuona jina la Thon. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Zilibaki siku chache tu tufike Jumapili.

Hapo akaingia bosi wetu, Ekidor.

Ekidor ni Mturkana wa Lodwar, mtu mwema, mwenye Kiswahili cha haraka haraka ambacho ngeli zake hupanda na kushuka zipendavyo. Siku hiyo alikuwa na wasiwasi. Wafadhili walikuwa wanakuja kesho yake kutoka Nairobi. Upepo wa Kakuma ulikuwa umevuma tangu asubuhi, na kila kitu ofisini kilikuwa na rangi ya barabara.

Akaitazama kompyuta, akakunja uso.

"Wewe Déo, hii kompyuta ni chafu. Kesho wageni inakuja. Futa yote."

"Yote, bosi?"

"Yote. Mpaka ndani."

Nikaona nimuulize vizuri, maana mle ndani mlikuwa na barua za miaka miwili. Nikasema, hata zile za kitambo?

"Hizo za kitambo ndio chafu zaidi."

"Na kikapu, bosi?"

"Kikapu pia. Mwaga. Mimi sitaki kukuta kitu."

Akatoka kwenda kusimamia wanaofagia uwanja.

Sasa naomba mnisikilize kabla hamjanihukumu. Kwetu Uvira, vumbi tunapangusa. Meza unaipangusa, kiti unakipangusa, mtoto unampangusa pua. Kufuta ni kwa maandishi. Mwalimu anafuta ubao. Mtu akiniambia nifute kompyuta, mimi ninaelewa jambo moja tu.

Na kikapu kwenye kompyuta yetu kilikuwa ni mahali ambapo barua zilizofutwa hukaa kwanza, kama takataka inayongoja kuchomwa. Ukikimwaga, zimekwenda.

Nikafuta. Nilianza na za kitambo, nikamalizia na za asubuhi ile. Nikamwaga kikapu. Mashine ikaniuliza kama nina hakika. Mimi sikuwa na hakika, lakini bosi alikuwa nayo, kwa hiyo nikakubali kwa niaba yake.

Alasiri bosi akarudi. Akapitisha kidole juu ya kioo cha kompyuta, akakiangalia. Kilikuwa chekundu.

"Nilikwambia ufute."

"Nilifuta, bosi. Vile ulisema. Hata kikapu."

Nikamfungulia sanduku aone. Lilikuwa jeupe. Hakuna barua hata moja, hakuna ripoti ya visima, hakuna ratiba ya wageni.

Ekidor aliketi kwenye kile kiti kizima. Kisha akauliza, polepole, hiyo kufuta nimeitoa wapi. Nikamweleza habari za Uvira, na kupangusa, na pua ya mtoto.

"Hapa kwetu vumbi tunafuta," akasema. "Na mtu pia tunafuta. Kazi."

Nikaanza kukipangusa kioo kwa mkono wa shati langu.

Kisha, kana kwamba hiyo haikutosha, akauliza kama angalau niliisoma barua ya shemeji yangu kabla ya kuiua.

Nikamuuliza barua gani.

"Ya Australia. Jumatatu asubuhi niliona jina hapo. Thon."

Wasomaji wangu, nimepigwa na mengi, na mengine nimeshawasimulia. Lakini siku ile nilihisi moyo ukianguka ukafika sakafuni. Thon alikuwa amejibu. Mimi nikaipita kwa haraka zangu, sikuiona kati ya barua nyingi, na nikaifuta kwa mkono wangu. Kama alisema ndiyo, nimeifuta ndiyo yangu mwenyewe.

Hata hivyo nilikuwa na mlango mmoja. Mjomba Wal hakujua kwamba barua ilikuja. Ningefunga mdomo mpaka Jumapili, naye angesema badala ya Thon, na mambo yangekwisha kwa ngoma.

Mlango huo ulifungwa baada ya dakika chache, na aliyeufunga ni redio.

Ofisi zetu zilikuwa zikiongea kwa redio ya masafa marefu. Kila shirika lilikuwa nayo, na kila mwenye nayo aliisikiliza, hata asipohusika. Kuanzia Lokichoggio hadi Katilu, ukipiga chafya redioni utaombewa afya na watu usiowajua. Ekidor akaichukua maikrofoni kuwaita Lodwar, akawaeleza kwamba barua zote za Kakuma zimekufa, kwamba ripoti imekwenda, na kwamba hata ile ya harusi ya Déo kutoka Australia imekwenda. Ova.

Dirisha la chumba cha redio linatazama kibanda cha bawabu.

Mjomba Wal akaja mpaka dirishani, mrefu vile hata alilazimika kuinama. Akauliza kama barua ya Thon ilikuja. Nikanyamaza. Ekidor, ambaye hajui kunyamaza, akasema ilikuja.

"Basi kalam imekuja," Wal akasema. "Kalam ikikuja, lazima watu wasikie. Mimi siwezi kusema badala ya mtu ambaye amesema. Khalas."

Kwa Wal, kalam ni neno la mtu, na neno la mtu si kitu cha kuchezea. Akaeleza bila ubaya wowote kwamba barua ikipatikana atafuata ilivyosema. Isipopatikana, tutangoja Thon aandike tena. Thon alikuwa akiingia baharini na meli ya samaki, harudi nchi kavu kabla ya Krismasi. Na kulikuwa na mtu mwingine, mwenye duka la sukari, aliyekuwa akingoja zamu yake ya kuposa kwa adabu kubwa. Huyo asingengojeshwa mpaka Krismasi.

Wakati huo Anyieth alikuwa mlangoni. Sikumwona akifika. Alinitazama mimi, akamtazama bosi, akaitazama redio, na akaondoka bila neno. Nilidhani ni hasira, na nikasema ana haki.

Wokovu ukatoka redioni humo humo. Sauti ya mwanamke ikasema kutoka Lodwar tuache kulia, hakuna kitu kinachokufa Kakuma bila yeye kukizika. Alikuwa Akeno, msimamizi wa mitambo. Alisema sanduku letu kwa kweli liko kwenye mashine yake kubwa huko Lodwar, na tunachokifuta sisi hakiondoki mara moja. Hujificha humo mpaka Jumamosi, anapopiga fagio ili kupata nafasi. Ila ni nyingi mno kurudishwa kwa redio. Mtu aje na diski azichukue.

"Wewe ulifuta," Ekidor akaniambia, "wewe utafukua. Ukishindwa, usirudi."

Alhamisi wageni walikuja. Bosi aliwasimulia ripoti nzima kwa mdomo, na nasikia waliipenda. Ijumaa asubuhi, kibali changu cha kutoka kambini kikiwa mfukoni, nikapanda gari la ofisi pamoja naye. Magari yalikuwa yakijipanga nyuma ya polisi wa msafara, maana barabara ile haikuwa ya kwenda peke yako.

Anyieth akaja mbio akanishika mkono dirishani. Kwa siku mbili hakuwa amenisemesha, na kila nilipomsogelea mjomba wake alikuwa katikati yetu. Hata sasa alikuwa anatutazama kutoka getini.

"Déo, usiende Lodwar," akasema kwa sauti ya chini.

Nikamwambia asiogope majambazi, tuna polisi.

"Siongei ya majambazi. Sema mashine imekufa. Mjomba atachoka kungoja, mimi namjua. Wacha hiyo barua ilale."

Nikamwahidi nitaileta hata kama itabidi niivute kwa meno. Mwanaume akipenda huwa haelewi kitu. Akaniachia mkono. Gari likaondoka, na mimi nikiwa nimejaa ushujaa kama mpumbavu.

Lodwar tulifika jua limepanda. Akeno alikuwa mwanamke mnene mcheshi, aliyekaa kwenye chumba chenye feni mbili, na zote mbili zilikuwa zikiipulizia mashine. Yeye alijipepea kwa faili.

"Ejok, Ekidor," akamsalimu kwa Kiturkana. "Huyu ndiye mfutaji?"

Akacheka mpaka akalazimika kuketi. Akamuuliza bosi kama ni kweli alisema mpaka ndani. Bosi akasema alimaanisha ndani ya vidude vya kuandikia, pale mchanga hujificha. Akeno akacheka upya.

Chai ikaja. Akaanza kazi. Alinieleza kwamba ukifuta barua haiendi mbali, inawekwa kando tu. Ukimwaga kikapu inawekwa kando zaidi, mahali ambapo wewe wa Kakuma huwezi kuchungulia. Lakini yeye anaweza, na kila barua iliyofichwa humo ina siku iliyofutwa pembeni yake.

Zikaanza kutokea kwenye kioo, moja baada ya nyingine. Ripoti ya visima. Ratiba. Barua za kitambo, zile chafu zaidi. Bosi Ekidor alizitazama kama mtu anayeona mbuzi wake waliopotea wakirudi zizini. Akanipiga bega. Nikajua sijafutwa.

"Na ya harusi yako ndiyo hii hapa," Akeno akasema. "Thon."

Nilitaka kumkumbatia. Lakini alikuwa amesogeza uso karibu na kioo, na kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Déo, ulifuta siku gani?"

"Jumatano."

"Zote ni za Jumatano. Hii ya Thon ilifutwa Jumatatu. Hii si wewe."

Nikasema haiwezekani, Jumatatu nilikuwa zahanati. Akasema ndiyo maana anasema si mimi. Mtu mwingine alikaa kwenye ile kompyuta, akaifungua, akaisoma, akaifuta, akaitoa na kwenye kikapu. Hii moja tu.

Ofisi yetu ilikuwa na kiti kimoja kizima. Nisipokaa mimi, anakaa mtu mmoja tu.

Nawaambia ukweli, niliumia. Nilikumbuka mkono wake dirishani. Wacha hiyo barua ilale. Nikajiambia, kaka amekubali, na dada hataki. Ameona ndiyo ya kaka yake imemfunga kwa Mkongomani asiye hata na koti, akaitupa, ili mjomba achoke na mwenye duka aje. Nilijiona mtu wa kuchekwa kuanzia Lokichoggio hadi Katilu. Nikataka kurudi garini.

"Nikusomee?" Akeno akauliza. Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha kuombea maji. Nikaitikia kwa kichwa.

Akasoma kimya kwanza. Kisha akageuza kwa Kiswahili, taratibu, akitafuta maneno yasiyouma.

"Anasema, mjomba, nimesoma mlichoandika. Kijana anaonekana mtu mzuri. Lakini kwao ni wapi? Siku dada yangu akilia, nani kati yetu atafika huko? Nimekataa. Mwambie, lakini usimwaibishe."

Feni ziliendelea kuipulizia mashine.

Thon alikuwa amesema hapana. Kwa adabu, kwa busara, kwa swali ambalo hata mimi sikuwa na jibu lake. Angenitukana ningemchukia, na ningepona haraka.

Kisha ndipo akili yangu, inayofika baada ya za wenzangu, ikafika. Anyieth aliisoma hapana hiyo Jumatatu, peke yake, kwenye kiti chetu. Naye hakulia wala hakuja zahanati kuniaga. Aliifuta. Alijua Jumapili mjomba angesema badala ya kaka aliyenyamaza, na mjomba amenizoea. Hata mimi Jumatano nilipofuta kila kitu, nilikuwa nimemsaidia bila kujua. Nani angetafuta barua moja kwenye kaburi la barua zote?

Na mimi ndiye niliyesafiri na polisi kuja kuifukua.

Msichana aliiba neno la kaka yake kwa ajili yangu. Sijawahi kupendwa hivyo tangu nizaliwe, na wala sikuwa nimefanya lolote la kunistahilisha. Macho yakajaa. Nikajaribu kusingizia feni.

Wakati huo redio ya pembeni ikakoroma.

"Lodwar, Lodwar, hapa Kakuma. Mnasikia? Ova."

Ilikuwa ni sauti yake. Akeno akaniwekea maikrofoni mbele yangu, lakini sikuweza kuigusa.

"Déo, mjomba yuko hapa na mimi," Anyieth akasema. "Anauliza kama mmepata barua. Ova."

Nilijua hawangoji jibu watu wawili tu. Masafa yale yote yalikuwa yameacha kazi na yalikuwa yakisikiliza.

"Kama haiko, sema tu haiko," akasema tena. "Hakuna mtu atakulaumu. Ova."

Hapo machozi yakanitoka kweli, mbele ya bosi wangu na mbele ya mwanamke niliyekutana naye asubuhi ile. Kumdanganya mzee aliyeniamini nikiwa na shati, sikutaka. Kumpoteza Anyieth, sikuweza. Na barua ilikuwa pale kwenye kioo, inasomeka.

Akeno akaweka kidole juu ya kitufe. Akasema kwa kunong'ona kwamba ikifutwa kutoka hapa, kwenye mashine yenyewe, hata yeye hawezi kuifukua tena. Hakuniuliza mimi. Alimtazama Ekidor, maana yeye ndiye mkubwa, na barua ni za ofisi yake.

Bosi Ekidor akashusha pumzi.

"Futa," akasema.

Nikasikia kitufe kikilia. Barua ikatoweka kwenye kioo.

Nilipogeuka kumshukuru bosi, nilimkuta ameduwaa, ameitumbulia macho mashine, mkono wake mmoja umenyooshwa kuelekea kwangu. Mkononi alikuwa na leso nyeupe, amenikunjulia nifute machozi.

Na redioni ikaja sauti nyingine, nzito, isiyo na haraka, ya mtu aliyeinama dirishani.

"Déo. Kalam iko wapi? Ova."

Nikaipokea ile leso, nikapangusa macho, nikabonyeza maikrofoni. Nilichomjibu mtakisoma wiki ijayo.